Stara Isiishie Mlangoni

Katika magofu ya Gedi, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, wageni huonyeshwa msikiti mkuu, jumba la mfalme na kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Vyoo hupitwa kwa haraka, ilhali ndivyo vinavyoeleza zaidi namna watu wa mji huo walivyoishi. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka 1948, alikuta nyumba za mawe zina vyoo vya shimo ndani ya kuta zake, vikiwa na mahali pa kuchutama na, ubavuni, kibaraza cha kuchambia. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Songo Mnara, jirani ya Kilwa, nako nyumba zilijengwa na vyoo vyake. Lamu desturi hiyo ilidumu kwa karne nyingi: choo kilikaa nyuma kabisa ya nyumba, karibu na chumba cha ndani, na humo mlikuwa na birika la chokaa lililojaa maji, kata ya kifuu cha nazi ya kuchotea, na mara nyingi samaki wadogo waliofugwa humohumo birikani wale viluwiluwi vya mbu. Aliyebuni hilo la samaki hakujua neno malaria, lakini alikuwa na akili ya nyumba.

Mpangilio huo wa nyumba unaonyesha waashi na wenye nyumba walifikiria nini walipopima msingi. Hawakukiweka choo ndani kwa kuogopa vijidudu, kwa sababu habari za vijidudu zilikuwa hazijulikani popote duniani. Walikiweka kwa ajili ya stara. Mtu wa heshima haonekani akienda haja, wala haonekani akitoka, na maji ya kujisafishia humngojea palepale. Stara ndiyo iliyotupa choo katika pwani hii, na ndiyo inayoweza kukitunza. Kosa letu la leo ni kwamba tumeikata stara katikati. Tumeifikisha mlangoni tukaiacha hapo: anayejisaidia amesitirika, lakini kile alichokiacha hakijasitirika, na mtu anayekuja kukiondoa hana stara kabisa.

Lugha yenyewe inatuonyesha stara hiyo ilivyojengwa. Neno choo linabeba mahali na kitu chenyewe kwa pamoja. Mgonjwa huulizwa kama amepata choo, na maabara huomba choo kikapimwe. Kwa kuwa neno lipo wazi namna hiyo, watu wamelizungushia ua wa maneno mengine: haja kubwa na haja ndogo, kujisaidia, kwenda uani, maliwato, msalani. Msala ni mkeka wa kuswalia, na msala huohuo ni mahali pa kwenda haja, na hakuna msemaji anayechanganyikiwa. Abiria wa basi la masafa marefu huko Tanzania wanashuka kando ya barabara kuu kuchimba dawa, na kila mtu ndani ya basi anafahamu ni dawa gani inayochimbwa. Hata mbali na pwani siri hii ilitunzwa kwa nguvu. Kwa Wachagga wa zamani, mwanamume aliyekwisha kupita jando alitakiwa kuaminika kuwa hajisaidii tena, kwamba amezibwa. Siri hiyo iliitwa ngoso, na wanaume walijificha maisha yao yote ili isifichuke mbele ya wanawake na watoto. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Mradi wowote unaochimba shimo moja kwa boma zima, ukaandika kwamba familia hiyo imepata choo, umehesabu mashimo ukasahau ukoo. Choo kitakuwepo, na mkaza mwana ataendelea kwenda kichakani.

Wapo watakaosema kwamba stara hiyohiyo ndiyo inayotuziba midomo, na kwamba kuzungumza kinyesi hadharani, tena kwenye jarida, ni kukosa adabu. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaoheshimu mila. Lakini mila yenyewe haiko upande wao. Mtoto aliyepelekwa chuo cha Kurani, katika umri ambao hajaweza kusoma vizuri, hufundishwa mlango wa twahara kabla ya milango mingine ya fiqhi: aingie kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa mguu wa kulia, asielekee kibla akiwa nje bila kizuizi, atumie mkono wa kushoto, maji ni yapi yanayosafisha na yapi yasiyosafisha, najisi ikiwa hivi huondolewa vipi. Maalimu haoni haya kuyasema na wazazi hawamlaumu. Somo na kungwi nao wanayataja mambo mazito zaidi ya hayo mbele ya mwari. Kumbe adabu yetu haikutaka kimya. Ilitaka jambo lisemwe na mtu anayefaa, kwa lugha inayofaa, kwa nia ya kumfundisha mwenziwe. Aibu imo katika kulitaja kwa mzaha. Kulitaja kwa mafunzo ni wajibu.

Na mafunzo yanahitajika, kwa maana kinyesi kisichositiriwa kinarudi kwa aliyekitoa kwa njia nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kipindupindu kinajulikana, kwa sababu kinaua kwa haraka na redio hutangaza. Safura haitangazwi: minyoo yake huanguliwa katika udongo wenye kinyesi, ikapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, ikaenda kunyonya damu tumboni hadi mtoto darasani akaonekana mvivu kumbe ana upungufu wa damu. Kichocho nacho huanza pale mkojo au kinyesi cha mgonjwa kinapofika majini, mayai yakaanguliwa, konokono wakayalea, kisha mvuvi au mtoto anayeogelea akaambukizwa. Unguja, Pemba na vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria vinaujua ugonjwa huu kizazi baada ya kizazi. Mfano mkali zaidi katika nchi zinazosema Kiswahili ni Goma, Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache katika ardhi ya mawe meusi ya volkano, mawe magumu ambayo jembe na sururu havikuweza kuyachimba. Vyoo havikuchimbika, maji yalikuwa ya ziwani, na kipindupindu pamoja na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Watu wale hawakukosa adabu wala elimu. Walikosa udongo laini wa kusitiri.

Serikali zetu zilianza zamani kuliona hilo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kando ya redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kidogo kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kufanya kazi waliyokubaliana, na kazi mojawapo ilikuwa kuchimba vyoo. Vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Siri ya mafanikio yale, kwa maoni yangu, ilikuwa mjadala: jirani alimsikia jirani yake akikubali kwa mdomo wake. Njia nyingine hazikwenda mbali namna hiyo. Bwana afya alipokuja na faini, watu walichimba shimo la kumwonyesha bwana afya. Njia ya kuamsha jamii iliyoanzia Bangladesh karibu na mwaka 2000, ikaingia Kenya mwaka 2007, huwatembeza wanakijiji mahali wanapojisaidia ovyo hadi wenyewe wachukizwe na kuona haya. Imesafisha vijiji vingi, nami siidharau. Lakini tafiti mbalimbali zimeona vijiji vikirudi nyuma baada ya miaka michache, udongo ulipotitia na nyasi za paa zilipooza. Kuona haya humfanya mtu achimbe, ila hakumtumi kukarabati. Ndiyo maana naona kauli ya kampeni ya Tanzania iliyoanza mwaka 2017, Nyumba ni Choo, iliyopigiwa debe na Mrisho Mpoto, ilikuwa imegusa penyewe. Ilimwambia mwenye nyumba kwamba heshima yake ya kujenga haijakamilika, lugha ileile ambayo mwashi wa Gedi angeielewa.

Lakini kauli hiyo nayo inasimama mlangoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihesabu watu wapatao bilioni 3.5 wasio na huduma ya choo iliyo salama mpaka mwisho, na katika hao waliokuwa wakijisaidia mahali pa wazi walikuwa milioni 419. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Sehemu kubwa ya watu hao wanakwenda mahali palipo na ukuta au shimo la namna fulani, na tatizo lao liko katika ubora wa choo hicho, wingi wa kaya zinazokitegemea, au safari ya kinyesi baada ya hapo. Kukosa choo kabisa ni kipande kidogo cha jambo kubwa.

Shimo lenyewe ni chombo kizuri likijengwa kwa akili. Choo cha shimo chenye bomba la hewa kilichotengenezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, kazi ya Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair, kinatumia kanuni nyepesi sana. Upepo ukipita juu ya bomba refu huivuta hewa ya shimoni itoke juu, kwa hiyo harufu haipandi ndani ya kibanda. Kibanda huachwa na giza kidogo, ili nzi aliyezaliwa shimoni aufuate mwanga wa bomba badala ya tundu la kuchutamia, akakute wavu mdomoni mwa bomba, akafia hapo. Hakuna umeme, hakuna maji, hakuna fundi wa kuitwa kutoka mbali. Kinachotakiwa ni wavu usiotoboka na mtu wa kuukagua. Shambani choo cha namna hii kinaweza kumaliza safari yote peke yake. Shimo likijaa hufukiwa, la pili huchimbwa hatua kadhaa pembeni, na miaka ikipita udongo ule unakuwa mbolea, mgomba unapandwa juu yake. Ardhi imefanya kazi ya kusitiri bila kumwajiri mtu.

Mjini ardhi hiyo haipo. Tandale, Manzese na Vingunguti jijini Dar es Salaam, au Mukuru na Kibera jijini Nairobi, nyumba imegusana na nyumba, choo kimoja kinatumiwa na wapangaji wa vyumba vyote, na shimo likijaa hakuna pembeni pa kuchimba jingine. Lori la majitaka haliwezi kupita uchochoroni. Hapo ndipo anapoitwa mtu ambaye Dar es Salaam wamempa jina la chura. Huja usiku, anamwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, anavunja sakafu, anashuka ndani ya shimo na ndoo, mara nyingi bila glavu wala buti, akisimama ndani ya yale ambayo nyumba nzima imeyasitiri kwa miaka. Hewa ya shimoni inaweza kumpoteza fahamu, kuta zinaweza kumfunika, chupa na nyembe zilizotupwa humo zinamkata. Kabla jua halijachomoza amekwisha kufukia uchafu huo kwenye shimo jingine uani, au ameumwaga mtoni. Wasioweza kumlipa hungoja masika. Mvua kubwa ikishuka wanatoboa ubavu wa shimo na kulitapisha, kinyesi kikaondoka na maji ya mtaro kwenda kwa waliojenga bondeni. Visima vifupi vya mtaa vinapokea kilichozama ardhini, hasa mahali ambapo maji ya chini yako karibu, au pale ambapo mwamba ni wa matumbawe wenye matundu kama ilivyo Unguja. Familia iliyofunga mlango wa choo kwa komeo, ikapachika pazia na kuweka kopo safi la maji, inakunywa ya jirani na jirani anakunywa yake. Stara iliyovunjwa namna hiyo ni kujidanganya kwa pamoja.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba huu ni umaskini tu, na umaskini haulaumiwi. Ni kweli kwamba asiye na kipato hajengi karo la zege, na mtu yeyote anayeandika kuhusu choo bila kukumbuka hilo anawaonea watu. Hata hivyo, umaskini hauelezi kila kitu. Anayeishi chumba cha kupanga hana amri juu ya shimo. Mwenye amri ni mwenye nyumba, ambaye anapokea kodi ya kila mlango, na wengi wao hawaishi humo. Tena gharama ya kunyonya shimo huja kwa mkupuo, mara moja katika miaka kadhaa, siku ambayo hakuna aliyejiandaa, ilhali mpangaji huyohuyo amekuwa akilipa choo cha stendi na cha sokoni sarafu moja moja kila siku ya mwaka. Fedha kidogo zinapita, ila hakuna aliyezipangia njia. Sehemu ndogo ya kodi ikiwekwa kando kwa ajili ya shimo, kama inavyowekwa fedha ya umeme na ya taka, mkupuo ule unaacha kuwa janga. Ukimya ndio unaozuia hesabu hii isipigwe: mpangaji anaona haya kuuliza, na mwenye nyumba anashukuru kutoulizwa.

Wengine watasema tungoje mabomba ya majitaka, kwa kuwa ndivyo miji ya Ulaya ilivyofanya. Wakumbuke jinsi ilivyofanya. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa, ndipo London ikampa Joseph Bazalgette kazi ya kujenga mfereji mkubwa wa chini ya ardhi. Kinyesi kiliondoka mbele ya bunge, kikaenda kumwagwa kikiwa kibichi mtoni, upande wa chini, mashariki mwa jiji. Septemba 1878 meli ya abiria, Princess Alice, ilizama karibu na hapo muda mfupi baada ya uchafu kufunguliwa, na zaidi ya watu 600 walikufa katika maji yale. Mfereji ulikuwa umeihamisha aibu tu. Sisi nasi tumelirudia kosa hilo kwa kiasi chetu: kwa miaka mingi majitaka ya katikati ya Dar es Salaam yamemwagwa baharini kwa bomba bila kusafishwa, na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar vivyo hivyo. Isitoshe, choo cha kuvuta huhitaji takriban lita sita kila mara kinapovutwa, na vya zamani zaidi ya hapo. Katika nyumba inayonunua maji kwa dumu la lita 20, dumu zima linakwisha kwa mivuto mitatu. Mabomba yajengwe, nayaunga mkono, ila yasiwe kisingizio cha kuyaacha mashimo ya walio wengi bila mwenyewe.

Kuifikisha stara mwisho wa safari ni kazi inayowezekana, na baadhi ya vipande vyake vipo tayari. Pampu za mkono zinazopita uchochoroni zimekwisha kujaribiwa Dar es Salaam, zikimwezesha mtu kunyonya shimo akiwa amesimama juu yake badala ya kuzama ndani. Naivasha, nchini Kenya, kinyesi kinakusanywa, kinapashwa joto mpaka kinakuwa salama, kisha kinageuzwa nishati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inaitaja haki ya usafi wa mazingira ya makazi pamoja na haki ya makazi yenyewe. Tanzania ina kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25 shuleni, na kila anayepita shule zilizojaa anajua umbali uliobaki. Msichana aliye katika hedhi, bila mlango unaofungwa na bila maji, huchagua kubaki nyumbani siku hizo, na kila siku hiyo ni somo lililompita. Mitaani tumeandika Usikojoe Hapa kwenye kuta nyingi kuliko tulivyojenga vyoo vya wapita njia, tukimkataza mtu haja bila kumwonyesha pa kuipeleka, na mwanamke, ambaye hata huo ukuta hauwezi kumsaidia, anajizuia asinywe maji kutwa nzima.

Kinachokosekana zaidi ni kumtambua yule wa usiku. Chura anafanya kazi ambayo bila yeye mtaa haukaliki wiki moja, na bado haandikwi popote, hana leseni, hana chanjo, hana mahali halali pa kumwaga alichokitoa, na akiugua hakuna anayesema ameumia kazini. Halmashauri zimsajili na kumpa buti, glavu na pampu. Zimwonyeshe kituo cha kumwagia kilicho karibu na mtaa anakofanya kazi, kwa ada ndogo isiyomsukuma kwenda mtoni, na zimruhusu afanye kazi mchana kweupe kama fundi yeyote. Aitwe fundi wa choo. Mtu anayefanya kazi yake hadharani anaweza kuulizwa ameipeleka wapi, na jibu lake likaaminika.

Kwa hiyo wewe mwenye nyumba, na wewe mpangaji unayelipa kodi yako kila mwezi, kabla masika hayajaingia mwakani kaeni pamoja muulizane mambo mawili: shimo letu lilinyonywa lini mara ya mwisho, na kilichotolewa kilimwagwa wapi. Kama hakuna anayejua, basi anzeni hapo.